Siku Mtani Aliposema Kweli

Hii isome polepole. Ukimaliza, mpelekee yule rafiki yako ambaye hujawahi kumsikia akisema neno bila kucheka.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Upare, huko ambako mawingu hushuka asubuhi hadi vibarazani, aliishi mwalimu mstaafu aliyeitwa Mbonea. Maisha yake yote alifundisha ufundi shuleni, mbao na chuma, na nyumbani kwake hakuna fundi aliyewahi kukanyaga. Redio ikikoroma aliifungua mwenyewe. Saa ikisimama aliifungua mwenyewe. Hata jino lilipomsumbua, mkewe ilibidi afiche koleo.

Jirani yake alikuwa Mzee Ndanshau, Mchaga aliyehamia hapo ujanani, akafungua duka, akazeekea hapo. Wapare na Wachaga ni watani, na wazee hawa wawili hawakuwahi kusalimiana kama watu wengine.

"Mpare, umeamka? Nasikia umeuza ng'ombe ukafungue kesi ya kuku."

"Nimeamka, Mchaga. Nami nasikia ulizimia kanisani, wakakugongea sarafu sikioni ndipo ukafumbua macho."

Hapo ndipo siku ilikuwa imeanza.

Ndanshau alikuwa bingwa wa uongo wa kuchekesha. Aliwahi kuapa kwamba mbuzi wake anajua saa, akaapa kwa kaburi la babu yake, mpaka watu wakapanda kilima kwenda kumtazama. Mbuzi alitafuna majani tu. "Leo Jumapili," Ndanshau akawaambia, "hafanyi kazi." Tangu siku hiyo, akiapa Ndanshau, watu walianza kucheka kabla hajamaliza.

Mke wa Mwalimu alipofariki, Ndanshau alitimiza wajibu wa mtani. Waombolezaji wakiwa wamekaa kimya, alitokea jikoni amejifunga kitenge cha marehemu, kilemba kichwani, akatembea kwa zile hatua fupi za mama huyo, akakohoa kidogo kama alivyokuwa akikohoa, kisha akaita, "Mwalimu, chai inapoa, nawe umeinamia misumari." Ilikuwa sauti yake hasa. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Hata Mwalimu alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mkewe afumbe macho.

Lakini kabla ya kufa, mama huyo, ambaye wote walimwita Mama Namsifu kwa jina la binti yao wa pekee, alikuwa amemwambia mumewe jambo moja.

"Nimeacha maneno ya Namsifu kwenye kompyuta. Nimejirekodi. Siku atakayoagwa kwenda kwa mumewe, yafungueni mbele ya watu. Wewe usiyasikilize kabla."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nakujua, Mwalimu. Huwezi kuona kitu kimefungwa ukakiacha."

Mwalimu aliahidi, na kwa kweli ahadi hiyo aliishika. Kila alipoiwasha kompyuta yao mpakato, aliona kwenye kioo kijialama kimeandikwa jina la binti yake. Alikitazama, akakipita. Siku nyingine alikigusa tu kwa kidole, kama mtu anayepangusa vumbi kwenye picha.

Mwaka ule Namsifu, aliyekuwa muuguzi Dodoma, alipata mchumba. Siku ya kuagwa ikapangwa. Alipompigia baba yake simu, hakuuliza habari za hema wala za chakula.

"Baba, maneno ya mama yapo?"

"Yapo, mwanangu. Nayaona kila siku."

"Sauti yake imeanza kunipotea, baba. Nikikaa nikijaribu kuikumbuka, siipati. Nangoja siku hiyo tu."

Basi Mwalimu aliona ni vizuri aijaribu kompyuta mapema. Ilikuwa imezeeka. Ungeiwasha, ukaenda kuchota maji, ukarudi ukaikuta bado inafikiri. Alifungua video moja ya kwaya ya usharika, kuipima tu. Waimbaji wakaimba mstari mmoja, kisha wakaganda midomo wazi, sauti ikakwaruza na kukatika.

Mwalimu alikaa akiwatazama waimbaji walioganda. Aliona hema limejaa wageni, aliona mkewe kwenye kioo, na aliona mkewe anaganda vile vile, mdomo wazi, watu wakitazamana. Akasema moyoni, hapana. Hilo halitampata nikiwa hai.

Alichukua simu akatafuta video za mafundi. Wote walisema jambo lile lile: kompyuta ikiwa nzito namna hiyo, badilisha diski. Mwanzoni mwa video zao walisema na mengine, lakini Mwalimu alikuwa na tabia ya kuyaruka maneno ya utangulizi ili afike kwenye bisibisi.

Kwa akili yake ya ufundi, alielewa hivi: diski ni injini. Gari likibadilishwa injini, mizigo inabaki kwenye buti. Na maneno ya mkewe yalikuwa pale usoni, kwenye kioo, anayaona kwa macho yake. Hakuona sababu ya kumuuliza mtu. Alishuka mjini, akanunua diski mpya ambayo muuzaji alishaitia programu za kuwashia. "Ni kupachika tu, mzee," muuzaji akasema, akamgeukia mteja mwingine.

Alasiri moja, baada ya chakula, alitoa meza kibarazani. Alitandaza kitambaa cheupe, akapanga bisibisi zake kuanzia kubwa hadi ndogo. Ndanshau akapita.

"Mpare, unamchinja nani?"

"Nabadilisha diski. Simama mbali, usije ukawauzia watu betri yangu."

Ndanshau akacheka, akasogea. Kisha akaona ni kompyuta ipi, na kicheko kikakatika.

"Si ndiyo yenye maneno ya Mama Namsifu?"

"Ndiyo hiyo. Sitaki imkwamishe mbele ya wageni."

"Umeyahamisha kwanza?"

"Niyahamishie wapi? Yapo hapo."

"Mbonea, nisikilize." Hakuwahi kumwita kwa jina lake. "Ukiitoa hiyo diski umetoa kila kitu. Maneno yamo ndani ya diski, siyo kwenye kioo. Mwanangu alinifanyia hivyo hivyo, picha zangu zote zikaenda. Subiri kidogo. Dukani ninazo flashi, nakuletea moja tuyaweke humo. Nakupa bure."

Mwalimu aliweka bisibisi chini. Alimtazama rafiki yake usoni, kisha akaangua kicheko.

"Mchaga atoe kitu bure? Sasa nimejua unanitania."

"Naapa."

"Uliapa pia juu ya mbuzi."

"Mbuzi ni mbuzi. Mpigie Namsifu, muulize yeye."

"Nimpigie mtoto kazini nimwambie mama yake yumo kwenye kisanduku cha chuma? Atadhani nimeanza kulewa."

Ndanshau akanyoosha mikono aichukue kompyuta. Mwalimu akaiwahi, akaikumbatia kifuani, mabega yakimtikisika kwa kucheka. Ndivyo michezo yao ilivyokuwa siku zote: mmoja ananyang'anya, mwingine anazuia. Na Ndanshau, kwa mazoea tu, naye akajikuta anacheka.

Alishuka ngazi ya kwanza, akasimama. Alifungua mdomo kama mwenye neno, akaufunga. Kisha akasema, "Haya, Mpare. Kesho nitakuja kuizika kompyuta yako. Niambie tu nivae nini." Akaenda zake.

Baadaye, Mwalimu alikuja kukumbuka kule kusimama kwenye ngazi kuliko jambo lingine lolote la siku ile.

Kazi yenyewe aliifanya vizuri, na hilo ndilo la kusikitisha. Alizima, akachomoa waya, akatoa betri. Aligusa chuma cha mlango kwanza ili umeme wa mwilini usije ukadhuru kitu, kama alivyoelekezwa. Kila skrubu aliyoitoa aliipachika kwenye kipande cha sabuni, kwa mpangilio ule ule wa tundu lake, isipotee wala isichanganyike. Alifungua kifuniko bila kuvunja hata jino moja la plastiki. Diski ya zamani ilikuwa imekaa kwenye kona yake, ndogo, inatosha kiganjani. Aliivuta taratibu kwa pembeni, ikaachia. Akapachika mpya, ikaingia kwa mlio mdogo uliomfurahisha. Akarudisha skrubu zote.

Akawasha. Kabla hajakaa vizuri kitini, kompyuta ilikuwa imeshaamka. Kioo kilikuwa na picha ya maua asiyoyajua, mahali palipokuwa na picha ya harusi yao, na kile kijialama hakikuwepo. Mwalimu alifikiri kidogo. Akajiambia, injini mpya imekuja na rangi yake. Vitu vya zamani vitakuwa vimekaa ndani. Mkono ulitaka kutafuta. Lakini akakumbuka sauti ya mkewe: huwezi kuona kitu kimefungwa ukakiacha. Akatabasamu, akaizima, akaifunga ndani ya kanga ya mkewe mpaka siku yake. Uaminifu wake ndio uliomziba macho.

Ikabaki ile diski ya zamani mezani.

Mtu mwingine angeitupa kabatini ikakaa huko. Mwalimu hakuwa mtu wa kuacha kitu bila kukifungua. Alitoa viskrubu vyake vidogo, akainua kifuniko, na ndani akakuta sahani mbili za kung'aa, laini kama maji yaliyotulia. Aliona ndevu zake ndani yake, moja moja. Akashangaa jinsi watu walivyokitengeneza kitu kizuri hivyo kisha wakakificha.

Nyuma ya nyumba alikuwa na kishamba cha ulezi, na ndege walikuwa wakimmaliza. Alipitisha uzi wa katani kwenye tundu la kila sahani, akazining'iniza kwenye fito mbili. Upepo ukazizungusha. Mwanga ukakimbia juu ya masuke na kupanda ukutani, na ndege wakaruka wote kwa pamoja. Mwalimu akapangusa mikono, akaridhika.

Ndanshau hakuja kuizika kompyuta. Kesho yake alikwenda Moshi kumwona dada yake mgonjwa, akakaa huko mpaka siku ya sherehe yenyewe.

Mvua ikanyesha, jua likawaka, mvua ikanyesha tena.

Namsifu alifika jioni ya kuamkia sherehe, na asubuhi, wanawake wakiwa jikoni wanachambua mchele, aliomba kompyuta aifungue mwenyewe ahakikishe sauti inatoka. Mwalimu aliifungua kanga, akampa kwa mikono miwili.

"Utaona ilivyo nyepesi sasa. Nimeibadilisha diski mwenyewe."

Namsifu alikuwa anatabasamu. Kisha akaanza kutafuta. Akatafuta hapa, akatafuta pale. Akainama karibu zaidi na kioo.

"Baba, hii ni tupu."

"Angalia ndani."

"Hii ndiyo ndani, baba. Hamna kitu." Aligeuka, na sauti yake ilikuwa bado tulivu, sauti ya muuguzi anayemtuliza mgonjwa. "Siyo mbaya. Yamo kwenye diski ya zamani. Kuna jamaa Dodoma hutoa vitu hata kwenye diski mbovu. Nitampelekea. Hata kama siyo leo, nitayasikia. Iko wapi?"

Wakati huo huo duara dogo la mwanga lilipita ukutani, likavuka picha ya marehemu, likatoka. Likarudi tena. Namsifu akaufuata mwanga kwa macho mpaka dirishani, na kupitia dirishani mpaka shambani.

Walikwenda pamoja. Sahani zilikuwa zimechubuliwa na fito, zina michirizi ya mvua na alama za vidole vya Mwalimu. Kwenye fito moja alikuwa ametua ndege, anadonoa ulezi bila wasiwasi. Ndege walishazizoea.

Namsifu alizipiga picha, akamtumia yule jamaa wa Dodoma. Simu ikaita mara moja. Mwalimu hakusikia maneno, alisikia tu binti yake akisema, "Ndiyo, zote mbili. Ndiyo, nje. Kwenye mvua." Kisha akasikiliza. "Haya. Asante. Nitamfikishia baba pole yako."

Hakumlaumu. Alimshika mkono wakarudi ndani, na Mwalimu aliona afadhali angemlaumu.

"Ndanshau aliniambia," akasema. "Aliniambia, mwanangu, nami nikacheka."

Sherehe haikuweza kungoja huzuni ya mtu. Mchana hema lilijaa. Upande wa bwana harusi walikuja na vigelegele, kwaya ikaimba, watu wakala. Ndanshau alifika kutoka Moshi amevaa koti lake la Krismasi, akapita meza hadi meza akiwaambia wageni kwamba mchumba halali ni yeye, huyu kijana ni mlinzi wake tu. Watu walikuwa wanacheka bado alipofika kwa Mwalimu na kuuona uso wake.

"Uliitoa?" akauliza taratibu.

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali.

"Na ile ya zamani?"

Mwalimu akanyoosha kidole upande wa shamba. Ndanshau akatazama, na mwanga ukampiga machoni. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, koti lake la Krismasi likamkunjamana tumboni.

Ikafika zamu ya maneno ya mama. Mshereheshaji, ambaye hakuwa ameambiwa, alitangaza kwa furaha kwamba sasa watamwona na kumsikia Mama Namsifu. Hema likanyamaza. Mwalimu akasimama. Alitaka kuwaeleza watu, lakini midomo yake ilikataa. Alisimama tu ameshikilia ukingo wa meza.

Ndipo Ndanshau akaenda mbele akachukua kipaza sauti.

Watu wakaanza kucheka.

"Leo sitanii," akasema.

Wakacheka zaidi.

"Nisikilizeni, jamani. Maneno ya Mama Namsifu yamepotea. Lakini mimi niliyasikia. Mimi ndiye niliyebonyeza pale pa kurekodi. Aliniita siku Mwalimu alipokwenda kumchukulia dawa. Nikamuuliza, mbona mimi, wakati shoga zako wapo? Akasema, 'Kwa sababu wewe hata ukiitoa siri yangu, hakuna atakayekuamini.'"

Hema likalipuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Mwalimu peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama rafiki yake.

"Alikuwa kitandani," Ndanshau akaendelea, "mto mgongoni. Mimi nimeishika kompyuta magotini isiteleze. Akasema..." Na hapo, labda bila yeye kukusudia, kikohozi kile kidogo kikamtoka, na sauti yake ikawa sauti ya marehemu. "'Namsifu, chumvi ikizidi, ongeza maji, usimwage sufuria. Ukikasirika, sema siku hiyo hiyo. Mimi nilikasirika nikanyamaza, baba yako akadhani nimeridhika, akapaka mlango rangi ya bluu.'"

Watu walipiga meza kwa kucheka. Wote walikuwa wanaujua ule mlango wa bluu. Wote walikumbuka siku ya msiba, Ndanshau na kitenge na kilemba, na walidhani mtani amerudia kazi yake nzuri. Machozi yalikuwa yanamtiririka Ndanshau mpaka kidevuni, nao wakasema, ona jinsi anavyojua kulia.

"Alisema mengi," Ndanshau akasema kwa sauti yake mwenyewe, ndogo sasa. "Alizungumza mpaka akachoka. Mimi nimeshika haya tu. Macho yangu yalikuwa na maji, na sikujihangaisha kuyashika mengine. Nilijua yapo kwenye kompyuta."

Namsifu alikuwa ameshasimama. Alivuka uwanja na gauni lake refu, akafika mbele yake, akauliza kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilimshika.

"Mjomba, alianza kwa kuniita nani?"

Kulikuwa na jina ambalo mama yake alimwita wakiwa wawili tu, tangu utotoni. Hakuna mwingine aliyelijua. Hata baba yake hakulijua.

Ndanshau alifumba macho.

"Alikuita jina la Kipare," akasema. "Jina fupi. Sikulishika, mwanangu. Mimi ni Mchaga."

Meza za mbele zikacheka.

Namsifu akamgeukia baba yake. "Baba, ni kweli haya aliyosema?"

Mwalimu Mbonea angetoa shamba lake lote kupata neno moja la kumjibu. "Sijui, mwanangu," akasema. "Mama yako aliniambia nisisikilize."

Mshereheshaji akaona kimya kinazidi, akaita kwaya.

Asubuhi iliyofuata wazee wawili walisimama kwenye ulezi. Ukungu ulikuwa haujapanda. Sahani zilining'inia tu, hakuna upepo.

"Ile siku uliposimama kwenye ngazi," Mwalimu akasema, "ulitaka kuniambia kwamba ulikuwepo."

"Nilitaka. Nikakumbuka nimeapa kuificha siri yake." Ndanshau akang'oa suke, akalisugua kiganjani. "Kwa nini hukuniamini, Mbonea?"

"Kwa nini uliondoka unacheka?"

Ndanshau akasema, kama anayejisemea, "Maisha yangu yote nimewabebea watu vichekesho. Siku nimebeba ukweli, sikupata mlango wa kuuingizia."

Namsifu alitoka ndani na begi lake tayari. Alikwenda kwenye fito, akafungua uzi wa katani wa sahani moja, akaipangusa kwa ncha ya ile kanga ya mama yake.

"Haisemi tena, mwanangu," Mwalimu akamwambia.

"Najua, baba."

Akaiviringisha kwenye kanga, akaiweka begini juu ya nguo zake zote. Kisha akamkumbatia baba yake, akamkumbatia na Ndanshau, na alipokuwa kifuani kwake akamwambia, "Nataka sana kukuamini, mjomba." Hakusema amemwamini.

Gari lilipoteremka kilima, Ndanshau alitaka kumwambia rafiki yake neno la kumchangamsha. Lilikuwa limeshafika ulimini. Akalimeza. Upepo ukaanza kuvuma, na ile sahani iliyobaki ikageuka polepole, ikampiga Mwalimu mwanga usoni, ikampita.

Funzo: Anayekutania kila siku naye ana siku yake ya kusema kweli, kwa hiyo mtazame macho kabla ya kukisikiliza kicheko chake, nawe unayependa kutania, jiwekee akiba ya maneno ambayo watu watayaamini, kwa maana ipo siku utabeba neno la mtu asiyeweza tena kulisema mwenyewe.